Ajali ya magari mengi haiwei: namna ya kudai fidia ya majeraha bila kuzungushwa

Gari mbili zikigongana mambo huwa mepesi, huyu kamgonga yule, bima ya aliyegonga inalipa, kwisha. Zikigongana nane au kumi na tano, lori limelala kati na basi limepanda juu ya kijigari, hapo kila dereva anamnyooshea kidole wa mbele au wa nyuma yake, kampuni za bima tano tofauti zinarushiana mpira, na wewe uliyevunjika mguu ndo unazungushwa miezi na miezi.

Wengi wanaanza kwa kuuliza nani kasababisha. Swali siyo baya ila ni nusu tu, tena mara nyingi siyo nusu inayoamua pesa. Kisheria ajali ya mfululizo ni vishindo vingi vilivyofuatana, kila kishindo kina mwenyewe, na kazi yako ni kuonyesha kwamba kishindo fulani kilitokana na uzembe wa fulani na ndicho kilichokuumiza hapa na hapa. Ukilishika hilo mapema, hatua zote zinazofuata utajua kwa nini unazifanya.

Hatua ya 1: pale pale barabarani

Kwanza uhai. Ajali ya haiwei haijaisha eti kwa sababu gari lako limesimama, nyuma magari bado yanakuja na spidi zao, na kuna watu wanapona kishindo cha kwanza wanakuja kuuliwa na cha pili wakiwa wamesimama kati ya gari mbili wanapiga picha. Kama unaweza kutoka, toka upande usio na magari, vuka kingo za barabara, kaa mbali kabisa. Kama huwezi kutoka salama na magari bado yanagonga, baki ndani na mkanda wako umefungwa. Aliyeumia shingo au mgongo usimvute hovyo labda kuwe na moto.

Ukishakuwa salama, kitu cha thamani kuliko picha zote ni kumbukumbu yako ya vishindo. Chukua simu jirekodi sauti kabla hujaongea sana na watu: nilikuwa nimeshasimama au bado natembea, mguu ulikuwa kwenye breki au la, nilisikia vishindo vingapi, na kilianza cha mbele au cha nyuma? Hapa pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kama ulisikia kwanza kishindo cha nyuma alafu ndo ukamgonga wa mbele, maana yake ulisukumwa, na bampa la mbele yako ni deni la aliyekusukuma. Kama cha mbele kilianza alafu nyuma kikafuata, maana yake wewe ulishamgonga wa mbele kabla hujagongwa, na hapo una sehemu yako ya lawama. Asesa wa bima, yule anayekagua hasara, atakuuliza hili swali wiki tatu baadae ukiwa umeshachanganya yako na uliyoyasikia kwa wenzako, kwa hiyo sema unachokumbuka, usichokikumbuka sema sikumbuki, usijazie.

Kisha picha, kama hali yako inaruhusu au umpate abiria mzima akusaidie. Piga kwa mbali kwanza kuonyesha magari yalivyopangana kabla winchi hazijafika kuyatenganisha, maana mpangilio ule ukishavurugwa haurudi. Alafu ndo usogee: alama za matairi, vioo vilipomwagika, mikwaruzo, taa zilizokuwa zinawaka na zisizowaka, kama kulikuwa na pembetatu ya tahadhari nyuma ya gari lililoharibika. Namba za gari usichukue za aliyekugonga tu, chukua na za wawili mbele yake na wawili nyuma yake. Kwenye lori chukua namba ya kichwa NA ya tela, vinaweza kuwa na wamiliki wawili na bima mbili, pamoja na jina la kampuni lililoandikwa mlangoni. Mashahidi wazuri ni wa kwenye magari ambayo hayadaiani na wewe, ndugu yako uliyempakia anasikilizwa ila atakuwa na kazi ya ziada kuaminiwa.

Kwa polisi sema ukweli wote. Ila kwa madereva wenzako hakuna haja ya kusema "jamani nisameheni ni mimi", hujui bado nyuma yako kulitokea nini.

Hatua ya 2: hospitali siku hiyo hiyo, hata kama unajiona mzima

Mwili ukiwa na mshtuko unaficha maumivu. Shingo iliyotikiswa mbele na nyuma mara nyingi inaanza kuuma kesho yake au siku ya pili, kichwa kinaweza kuwa kimetikisika bila jeraha la nje, na damu inaweza kuvuja tumboni taratibu kutokana na mkanda. Hiyo ni sababu ya kwanza na inatosha peke yake. Sababu ya pili ni ya kesi: ukienda hospitali siku ya kumi, upande wa pili atasema hayo maumivu umeyapata kwingine, na kumjibu ni kazi kweli.

Mwambie daktari ni ajali ya gari, uligongwa kutoka wapi, mara ngapi, na kila sehemu inayouma hata kama ni kidogo, siyo mguu tu kwa sababu ndo umevunjika. Kisichoandikwa siku ya kwanza kinakuja kuwa ubishi. Baada ya hapo fuata matibabu bila kuruka, kwa sababu ukikatiza miezi miwili alafu ukarudi, ile nafasi inasomeka kama ulikuwa umepona. Tunza risiti zote hata za nauli, na andika kwa ufupi kila wiki unachoshindwa kufanya, kuinuka kitandani, kumbeba mtoto, kukaa kazini zaidi ya saa moja. Miaka miwili baadae mbele ya hakimu utakumbuka kwamba uliumia, hutakumbuka namna ulivyoumia.

Hatua ya 3: okoa ushahidi unaooza

Hii hatua inasahaulika sana na kwa maoni yangu ndo inayotofautisha madai yaliyonona na yaliyokonda. Kamera za kwenye dashibodi zinajirekodi juu kwa juu, memori ikijaa inafuta ya zamani. Kamera za barabarani hivyo hivyo. Magari mengi ya kisasa yana kisanduku kinachotunza spidi, breki na mkanda kwa sekunde chache kabla ya kishindo, mengi yake ni kama sekunde 5, na malori na mabasi yana vifaa vya kufuatilia safari vinavyoonyesha dereva ameendesha saa ngapi bila kupumzika. Kuna na rekodi za simu, kama dereva alikuwa anachati.

Vyote hivyo vipo mikononi mwa watu wengine, na hakuna atakayekutunzia kwa hisani. Kwa hiyo ndani ya siku chache wewe au wakili wako mwandikie barua mwenye lori, mwenye basi, bima zao na mamlaka ya barabara, ukitaja tarehe, saa na namba za magari, ukiwataka wasifute wala kuharibu chochote. Akifuta baada ya kupokea barua, mahakama nyingi zitamfikiria vibaya. Na gari lako lenyewe usiruhusu liuzwe skrepa kabla halijakaguliwa, bima wana haraka ya kuliondoa yadi kwa sababu linawalia gharama, waandikie walishikilie.

Hatua ya 4: jua nani wa kumdai

Msingi wa nchi nyingi ni uzembe: dereva ana wajibu wa kuwa makini kwa wenzake, kaukiuka, na kwa kuukiuka wewe umeumia. Tuone unavyofanya kazi kwenye mlolongo.

Aliyegonga kwa nyuma anaanza na mzigo, kwa sababu ya umbali. Kwa spidi ya kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Mpaka dereva ashtuke na kukanyaga breki imeshapita sekunde moja na nusu, hiyo ni zaidi ya mita 40, alafu breki zenyewe kwenye lami kavu zinahitaji kama mita 55, jumla inakaribia mita 100. Mvua inaweza kuizidisha hiyo mara mbili. Sasa mtu anayekufuata mita 15 nyuma alikuwa anategemea bahati, na picha ya kamera ikionyesha hivyo maneno hayatamsaidia sana.

Ila wa nyuma siyo mwenye kosa kila mara. Aliyesukumwa hajakosea kwa kusukumwa. Aliyeacha lori bovu njiani usiku bila taa wala pembetatu ana lawama hata kama yeye hakumgonga mtu. Aliyehama leni ghafla akasepa bila hata mkwaruzo naye yumo, na ndo maana kamera ya gari la jirani ni dhahabu.

Nyuma ya dereva kuna watu wengine wenye uwezo zaidi wa kulipa. Mwajiri anawajibika kwa dereva aliyekuwa kazini. Mwenye gari anaweza kubanwa kwa kutolifanyia matengenezo, aliyepakia mzigo kwa kuufunga vibaya, mtengenezaji kwa breki yenye kasoro. Na mwenye barabara. Mfano mzuri ni Fort Worth, Texas, tarehe 11 Februari 2021, magari kama 130 yaligongana kwenye barabara ya I-35W iliyoganda barafu na watu 6 wakafariki. Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Marekani waliangalia spidi za madereva lakini waliangalia pia jinsi barafu ya pale ilivyokuwa inafuatiliwa na waendeshaji wa barabara, na wakakuta ufuatiliaji haukutosha. Kwa hiyo mtu akikuambia "ilikuwa ukungu tu, kazi ya Mungu", muulize ukungu ulianza saa ngapi, nani alijua, na yeye alipunguza spidi kiasi gani. Hali mbaya ya hewa inamtaka dereva apunguze, haimpi ruhusa.

Utetezi mmoja wenye nguvu ya kweli ni wa dharura ya ghafla. Dereva aliyekuwa anaenda vizuri akakutana na kitu cha ghafla ndani ya sekunde moja akachagua vibaya, mahakama hazimpimi kama mtu aliyekaa ofisini anafikiri. Ila lazima dharura asiwe ameitengeneza mwenyewe kwa spidi.

Alafu linakuja suala gumu kuliko yote, umegongwa mara mbili na watu wawili tofauti. Kama mguu ulivunjwa na cha kwanza na shingo ikaumizwa na cha pili, kila mmoja anabeba chake. Kama jeraha ni moja na haligawanyiki, nchi nyingi zinawaacha wote wawili wawajibike kwa jeraha lote. Bila daktari aliyeandika vizuri hutatoka hapo, ndo maana nilikuambia umwambie uligongwa mara ngapi na kutoka wapi.

Hatua ya 5: asilimia

Sema hasara yako yote ni milioni 10. Mahakama inasema basi lililokugonga lina lawama asilimia 60, lori lililoziba njia 30, na wewe 10 kwa sababu taa zako za breki zilikuwa hazifanyi kazi. Unapata milioni 9. Sasa zitoke kwa nani? Pale ambapo dhima ni ya pamoja unaweza kumdai basi peke yake milioni 9 zote, ni juu yake kwenda kumtafuta mwenye lori amrudishie 3. Pale ambapo kila mtu anabeba chake tu, basi linatoa 6, na kama lori halina bima ile 3 imepotea hivyo. California wamechanganya, gharama zinazohesabika ni za pamoja, maumivu na mateso kila mtu chake. Kwa hiyo kabla hujachagua wa kumshtaki uliza mfumo wa mahali ajali ilipotokea.

Na sehemu yako mwenyewe usiidharau. Uingereza tangu sheria ya 1945 na nchi nyingi zilizorithi mfumo wake, kosa lako linapunguza fidia kwa kiasi chake. Texas ukizidi asilimia 50 hupati kitu. Alabama, Maryland, Virginia na North Carolina kwa kawaida hata kosa dogo linafuta madai yako yote, ukali ambao mimi siuelewi mpaka leo. Mkanda nao una bei yake: kesi ya Froom v Butcher ya 1975 huko Uingereza iliweka punguzo la asilimia 25 kama mkanda ungezuia jeraha kabisa, na 15 kama ungelipunguza sana.

Kuna nchi zimetoka kwenye huu ubishi. Ufaransa kwa sheria ya 1985 abiria na mtembea kwa miguu aliyeumia anaidai gari lililohusika, na kosa lake halimnyimi fidia ila kwa nadra sana. New Zealand tangu 1974 kuna mfuko wa taifa unaolipa majeraha bila kutafuta mwenye kosa, na huwezi kumshtaki dereva akulipe fidia ya jeraha hilo.

Kama wewe ulikuwa abiria tulia, karibu kila mara huna asilimia yoyote zaidi ya mkanda. Dai kwa gari ulilopanda na kwa yaliyoligonga, waache wao wagawane.

Hatua ya 6: hesabu madai yako

Kuna hasara zenye risiti: matibabu, dawa, nauli, mshahara uliokatwa, gari. Kuna za mbele: upasuaji utakaohitajika, mtu wa kukuhudumia, kipato ambacho hutakipata tena. Hiki cha mwisho nchi nyingi wanachukua hasara ya mwaka wanazidisha na miaka ya kazi iliyobaki, wakipunguza kwa sababu unalipwa pesa leo badala ya kidogo kidogo. Alafu maumivu, ulemavu na raha ya maisha iliyopotea, hizi mahakama zinaangalia kesi za nyuma zenye jeraha linalofanana. Mtu akifariki, waliokuwa wanamtegemea wanadai riziki waliyoipoteza na gharama za mazishi. Ndugu wa nyumbani aliyeacha kazi yake kukuuguza naye ana thamani, mweke kwenye hesabu hata kama hujamlipa.

Usifunge hesabu kabla daktari hajasema hali yako imetulia, kwa maana kwamba hutarajiwi kupona zaidi ya hapo. Ukipokea pesa mwezi wa pili na mwezi wa nane ikaonekana nyonga inatakiwa kubadilishwa, hiyo nyonga ni yako.

Hatua ya 7: kuongea na bima

Bima yako mwenyewe ijulishe mara moja kwa maandishi, mikataba mingi ina siku chache na kuchelewa kunaweza kukuponza. Kwa bima za wenzako nenda pole pole. Watapiga simu kwa sauti tamu, wataomba maelezo ya kurekodiwa, na "unaendeleaje?" ukijibu "namshukuru Mungu sijambo" inaingia faili. Huna lazima ya kuwapa maelezo ya kurekodiwa, waambie utawaandikia.

Karatasi ya hatari ni ile unayosaini ukipokea hundi. Soma kama imeandika malipo kamili na ya mwisho, na soma unamsamehe nani. Nyingine zinakufanya uwasamehe watu wote waliohusika kwenye ajali, kwa hiyo umepokea vijisenti vya kijigari kidogo na umeachilia basi na lori. Saini kwa mtu mmoja tu aliyetajwa jina, na haki zako kwa wengine ziandikwe wazi kwamba zimebaki. Gari na mwili vitenganishe pia, unaweza kulipwa gari mapema wakati madai ya mwili yanaendelea, ila karatasi iseme hivyo.

Na bima ina kikomo. Wajeruhiwa wakiwa ishirini na bima ya aliyegonga ina kikomo kimoja kwa tukio zima, mfuko huo mnagawana wote, na anayechelewa anaweza kukuta umeshaliwa. Uliza kikomo mapema kwa maandishi. Kama hakitoshi ndo unamfuata mwajiri, mwenye mzigo, bima yako mwenyewe kama ina kipengele cha kugongwa na asiye na bima, au mfuko wa taifa wa waathirika kama upo. Hospitali au bima ya afya iliyokulipia nayo inaweza kudai irudishiwe kwenye fidia yako, iweke kwenye hesabu kabla hujakubali kiasi.

Hatua ya 8: mahakamani, na saa inayotembea

Wakili mtafute anayefanya kesi za ajali, na makubaliano ya malipo yawe kwenye maandishi, pamoja na nani analipa gharama mkishindwa. Kwenye ajali ya mfululizo washtaki wote wenye uwezekano wa kuwa na lawama katika kesi moja. Ukimwacha mmoja, wale waliobaki watamrushia yeye lawama na kiti chake kitakuwa kitupu, hakuna wa kujibu.

Muda ndo unaoua madai mengi. Kenya, Tanzania na Uingereza kwa kawaida ni miaka 3, California 2, Tennessee mwaka 1 tu. Mfuko wa ajali za barabarani wa Afrika Kusini unatoa miaka 3 kama dereva anajulikana na 2 kama alikimbia. Ukitaka kumdai mwenye barabara ambaye ni serikali kuna notisi zake za kabla, California ni miezi 6 na Tanzania unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua. Mazungumzo na bima kwa kawaida hayasimamishi hiyo saa hata kama wanakuambia "tupo kwenye mchakato".

Kesi ya jinai ya trafiki ni kitu kingine. Dereva akikutwa na hatia Kenya au Uingereza hukumu ile unaweza kuitumia kama ushahidi kwenye madai yako. Akiachiwa, haimaanishi umeshindwa, kwa sababu jinai inataka uhakika usio na shaka na madai yanataka tu kwamba ina uwezekano zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa. Kwa hiyo usisubiri jinai iishe ndo ufungue yako, unaweza kukuta miaka imekwisha. Nenda kachukue nakala ya ripoti ya polisi na mchoro wa ajali mapema, ulinganishe na ile sauti uliyojirekodi, na kama mchoro umekuweka mahali ambapo hukuwepo omba kwa maandishi urekebishwe wakati aliyeuchora bado yupo kituo kile.